Chumba cha habari cha mtaa: mambo ya kujifunza kutoka Eastlands

Eastlands ni upande wote wa mashariki ya Nairobi, kuanzia Pumwani, Shauri Moyo na Kaloleni, ukapita Buruburu, Umoja na Donholm, hadi Kayole, Dandora, Kariobangi na Korogocho. Ni mji ndani ya mji. Katika sensa ya 2019, Embakasi peke yake ilihesabiwa watu zaidi ya 988,000. Lamu, Tana River na Taita Taveta tukizijumlisha zote tatu tunapata kama 800,000. Hizo ni kaunti tatu zenye magavana watatu na mabunge matatu, na bado hazifikii sehemu moja ya Eastlands.

Pamoja na wingi huo, msomaji wa gazeti la kitaifa hulisikia jina la mitaa hii pale tu panapokuwa na maiti. Alisikia Sinai Septemba 12, 2011, bomba la mafuta lilipowaka katikati ya mabanda. Alisikia Huruma Aprili 29, 2016, jengo la ghorofa lilipowaangukia waliokuwa ndani. Alisikia Embakasi Februari 1, 2024, gesi ilipolipuka usiku, na Mathare karibu miezi mitatu baadaye, mto ulipobeba nyumba na watu. Kamera hufika, waziri hufika, na siku ya nne wote huwa wamerudi mjini. Aliyebaki na swali la nani alilipa kibali cha lile jengo, au kwa nini kituo cha gesi kilikuwa katikati ya makazi, huachwa aulize peke yake.

Chumba cha habari cha mtaa huanzishwa kwa ajili ya mtu huyo. Naandika haya kwa sababu vijana wa Kisauni, Likoni na Malindi wameniuliza mara nyingi wafanyeje ili waanzishe chao, na jawabu langu ni kuwa wakatazame kwanza bara, mitaa ambayo imekwisha jaribu. Isitoshe, Eastlands si ugenini kwetu. Pumwani ilipofunguliwa na wakoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920, kati ya waliopelekwa kukaa pale walikuwemo Waislamu wa Kiswahili waliokuwa wamejenga vijiji vyao Nairobi, kimoja kikiitwa Mombasa. Wengine walitoka Pangani, kijiji kilichobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na watu wake wakahamishiwa Shauri Moyo. Nilipokuwa nikisoma diploma yangu nilikaa Majengo kwa mama mdogo, na adhana ya pale ilinifanya nisahau kuwa niko kilomita karibu 500 kutoka nyumbani.

Waliotangulia

Redio ya kwanza ya jamii nchini Kenya ilifunguliwa Homa Bay mwaka 1982 kwa msaada wa UNESCO. Serikali iliifunga 1984. Baada ya hapo ukawa ukimya wa miaka mingi, kwa kuwa kilichoruhusiwa kusema hewani kilikuwa ni sauti ya taifa na baadaye sauti za wenye fedha.

Mwaka 2006 vijana wa Korogocho walianzisha Koch FM. Studio yao ilikuwa kontena la meli. Sisi tuliozoea kuyaona makontena Kilindini yakipangwa kama matofali hatukuwahi kufikiri kuwa moja lingeweza kuwa stesheni. Pamoja FM ya Kibera ikafuata 2007, na Mukuru kwa Reuben ikapata Ruben FM, iliyo ndani ya Ruben Centre. Hizi zote ziko kwenye masafa yale yale, 99.9. Haziingiliani sana kwa sababu kila moja ina nguvu ndogo, inasikika kilomita chache tu. Ukipanda matatu na redio yako ya simu ukiwa umeiweka 99.9, mtangazaji hubadilika njiani bila wewe kugusa kitu.

Watu huona udogo huo kama kilema. Mimi nauona kuwa ndio nguvu yenyewe. Mtangazaji anayesikika Mombasa mpaka Malaba hawezi kusema kwamba mfereji wa maji taka wa nyuma ya soko umeziba tangu Jumanne. Wa Korogocho anaweza, na anayehusika na mfereji ule anamsikia.

Si redio pekee. Vijana wa Slum-TV wa Mathare walipiga filamu fupi za habari za mtaa wao na kuzionyesha hadharani, watu wakisimama kutazama. Ghetto Radio, 89.5, ilichukua njia nyingine. Ilizaliwa kwa fedha za Uholanzi, ikazungumza Sheng, ikatangaza kwa jiji zima, na ikalazimika kutafuta mkate wake sokoni. Siku hizi wengi wanaanza na ukurasa wa Facebook na kikundi cha WhatsApp, na hilo halina aibu, mradi pawe na mhariri.

Mali isiyo ya mtu

Sheria ya Habari na Mawasiliano ya 1998, kwa marekebisho yaliyoanza kutumika 2009, inaitambua redio ya jamii kuwa ni ile inayomilikiwa na kuendeshwa bila kutafuta faida, inayohudumia jamii maalumu, na inayowashirikisha watu wa jamii hiyo katika kuchagua na kuandaa vipindi. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano. Asiyetaka masafa, anayeandika tu mtandaoni, bado anahitaji mwili wa kisheria: kikundi cha jamii chini ya sheria ya 2022 ya usajili wa vikundi, kampuni isiyo na hisa inayosimama kwa dhamana ya wanachama, au shirika la manufaa ya umma chini ya sheria ya 2013 ambayo, baada ya kukaa kabatini zaidi ya miaka kumi, ilianza kufanya kazi Mei 14, 2024. Waandishi wenyewe huchukua vitambulisho vyao Baraza la Vyombo vya Habari.

Msomaji Mwislamu atalielewa jambo hili haraka nikimwambia kuwa chumba cha namna hii kinafanana na wakfu. Wakfu hauuzwi, haurithiwi, haupewi mtu zawadi. Manufaa yake ndiyo yanayotoka. Anayeusimamia si mwenyewe. Na hapa pana jambo ambalo viongozi wengi wa vyombo vya mtaa wamelikosea kwa pande mbili. Kuna anayejifanya mwenye mali: mitambo imeandikwa jina lake, nywila za kurasa zote anazo yeye, na akikasirika anazima. Kuna na yule anayejifanya walii, hachukui mshahara, na anataka kila mtu asichukue. Sayyidna Umar (r.a.) alipoweka wakfu ardhi yake ya Khaybar aliruhusu msimamizi ale kwa kiasi cha wema, bila kujilimbikizia. Huo ndio wastani. Kiongozi alipwe, kiasi chake kijulikane na bodi, na kiandikwe.

Bodi nayo isiwe ya majina makubwa. Mama muuza mboga wa Gikomba anayeishi Kaloleni, mwalimu wa shule ya msingi, imamu au mchungaji anayeheshimika, kijana mmoja wa bodaboda na mhasibu mmoja wanatosha. Mwanasiasa asiwemo, wala mke wake, wala shemeji yake. Chifu ni mtu muhimu wa kuhojiwa, na kwa sababu hiyo hiyo hafai kuwa mjumbe.

Pesa

Hapa ndipo vyumba vingi hufia, basi niruhusiwe kukaa kidogo.

Karibu kila chombo cha mtaa nilichokijua kilianza kwa mfadhili mmoja. Mfadhili hutoa kwa mwaka mmoja au miwili, kwa mada aliyoichagua yeye. Mwaka huu ni malaria, mwaka ujao ni tabianchi, mwaka wa tatu ni amani. Chumba kinapinda kila mara kama mti wa pwani unaofuata upepo wa kusi. Wakazi wa Dandora wanataka kujua habari ya jaa la taka, lililotangazwa kuwa limejaa tangu 2001 na bado malori yanamwaga, lakini bajeti ya mwaka huo inasema kipindi kiwe cha kunawa mikono.

Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na kufikia Julai 1 mwaka huo USAID ilikuwa imefungwa rasmi. Mashirika kama Internews, ambayo yamewafunza waandishi wengi wa Kenya, yalikuwa yakitegemea sana mfuko huo. Wimbi lile lilipiga mbali. Kiongozi aliyekuwa na mfadhili mmoja aliamka asubuhi na wafanyakazi wanane na kodi ya nyumba mwisho wa mwezi.

Sisemi misaada ikataliwe. Nasema isiwe nguzo moja. Bristol, Uingereza, kuna gazeti liitwalo The Bristol Cable, lililoanza 2014, ambalo ni ushirika: wasomaji ndio wanachama, na kila mwanachama ana kura moja bila kujali ametoa kiasi gani. Kwetu Kenya hatuhitaji kufundishwa jambo hili na Waingereza, kwani chama na sacco tumekulia ndani yake. Watu 1,000 wakitoa shilingi 50 kwa mwezi kwa M-Pesa, ni shilingi 50,000. Hazitoshi kuendesha stesheni. Lakini zinalipa waandishi wawili wa kuanzia, na zaidi ya hilo, zinakupa watu 1,000 watakaouliza mbona jana hamkutangaza.

Matangazo ya biashara pia yapo. Redio ya jamii hutakiwa kutangaza yale yanayohusu jamii yake, na hilo si hasara, maana duka la vifaa vya ujenzi la Kayole, shule ya udereva, kliniki na karakana ndio wateja wako hasa. Kampuni kubwa haikuoni hata ukiwa na kibali. Matangazo ya serikali ni mazuri yakilipwa, ila vyombo vya habari vya Kenya vimelia miaka mingi kuhusu madeni yake, kwa hiyo usiyaweke kwenye hesabu ya mishahara.

Ama pesa za wanasiasa, hizo ni sumu iliyotiwa asali. Uchaguzi ni Agosti 2027 na wagombea wa wadi wameshaanza kutembea na bahasha. Njia ya kuziepuka isiwe hotuba ya maadili, iwe karatasi ya bei iliyobandikwa mlangoni: dakika moja ya tangazo la kampeni ni kiasi hiki kwa kila mgombea, linatajwa kuwa ni tangazo la kulipiwa, na halisomwi na mtangazaji wa habari. Asiyetaka aende.

Na hesabu zitolewe nje. Mara mbili kwa mwaka, kwenye ubao na kwenye ukurasa: kilichoingia, kilichotoka, nani katoa. Chumba kinachodai kujua bajeti ya kaunti na kuficha yake hakina uso.

Watu wa kazi

Mkono mtupu haulambwi. Redio za mitaa zimeendeshwa kwa kujitolea kwa muda mrefu mno, na matokeo yake ni kwamba kijana anapopata ujuzi huchukuliwa na stesheni kubwa, au huanza kula kwa chanzo. Akienda kwenye mkutano anapewa nauli na mwenye mkutano, na habari inaandikwa na ile nauli. Kiongozi mwenye busara hulipa nauli na chakula cha mchana kwanza kabla ya kununua kamera. Simu nzuri mbili, kinasa sauti, kompyuta moja ya kuhariri na betri ya akiba kwa siku za kukatika umeme vinatosha mwaka wa kwanza.

Mjini Chicago shirika la City Bureau, lililoanzishwa 2015, huwafunza na kuwalipa wakazi wa kawaida waende kwenye mikutano ya umma na kuandika kilichosemwa. Sioni kwa nini hilo lisifanyike Umoja. Nairobi ina wadi 85, na sheria inataka wananchi washirikishwe kwenye bajeti. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa bungeni kufikia Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha kufikia Februari 28, makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Mikutano yake hutangazwa kwa tangazo dogo la gazeti ambalo hakuna mtu wa Kariobangi aliyelinunua. Mwandishi mmoja akiwekewa kalenda hiyo ukutani, ana kazi ya mwaka mzima, na ni kazi ambayo hakuna gazeti kubwa litakayomshindania.

Awe pia na fomu ya kuomba taarifa. Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 21, na ndani ya saa 48 kama ni jambo la uhai au uhuru wa mtu. Ikikataa, mlango wa pili ni Tume ya Haki ya Utawala. Wengi hawaitumii kwa kudhani ni ya mawakili. Ni barua tu.

Lugha yenyewe huleta mabishano kila kikao cha wahariri. Sheng ilizaliwa katika mitaa hii hii, na mtangazaji anayesoma habari kwa Kiswahili cha mtihani atasikika kama askari wa kanjo anayesoma ilani. Lakini mtaa una bibi wa Majengo, una Msomali wa Eastleigh, una Mluhya aliyefika wiki jana, na Sheng ya Dandora si ya Buruburu. Rai yangu, na najua nitapingwa: burudani na mazungumzo yawe Sheng, habari yenyewe iwe Kiswahili chepesi. Habari ya kubomolewa nyumba haitakiwi kumpita mtu kwa sababu ya neno lililobuniwa juzi.

Hatari ya kuishi na habari yako

Mwandishi wa kitaifa akimtaja askari muuaji au kiongozi wa genge, jioni hulala Kilimani. Wa mtaa hulala mlango wa nne. Machi 2020, siku za mwanzo za kafyu ya korona, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi na kufa akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko. Mei 4 mwaka huo huo nyumba za Kariobangi zilibomolewa alfajiri, mvua na maradhi vikiwa nje. Habari kama hizo mwandishi wa mtaa huzifikia kabla ya yeyote, na huzifikia akiwa na kila sababu ya kunyamaza.

Kiongozi hapaswi kumwachia kijana uamuzi huo. Habari za polisi na magenge zitoke kwa jina la chumba, si la mwandishi. Aliyekusanya awe wa mtaa mwingine ikiwezekana. Ushahidi uhifadhiwe mahali pawili. Ipatikane namba ya wakili kabla ya tukio, na uhusiano na waandishi wa vyombo vikubwa, ili habari iliyo nzito mno itoke nao siku moja, na wenye hasira wasijue waanzie wapi. Na anayesema hapana, asiandikiwe deni. Kuna habari ambazo nimeona zikiachwa, na walioziacha walikuwa na watoto.

Upande wa pili wa hatari ni ulimi wetu wenyewe. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zilitufundisha kwamba redio inaweza kuzima moto na inaweza kuuwasha. Redio za mitaa ya Nairobi zilitumia hewa yao kutuliza watu. Wakati huo huo mtangazaji mmoja wa Kenya, Joshua Sang wa Kass FM, alifikishwa hadi Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague, ambako kesi yake ilisitishwa Aprili 5, 2016. Aliondoka bila hatia kuthibitishwa, lakini miaka ile haikurudi. Kila mtangazaji wa simu za wasikilizaji aijue kesi hiyo, na kila studio iwe na kitufe cha kukata pamoja na mtu mwenye ruhusa ya kukibonyeza hata kama anayezungumza ni mheshimiwa.

Serikali nayo ina kitufe chake. Juni 25, 2025, Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru stesheni ziache kutangaza maandamano moja kwa moja, na televisheni kadhaa zikazimwa mitambo, kama ilivyofanyika Januari 30, 2018. Mahakama Kuu ilisimamisha agizo hilo. Stesheni kubwa ina mawakili wa kukimbia mahakamani saa ile ile. Ya kontena haina, ndiyo sababu leseni na ada zake zisichelewe hata siku moja, maana atakayetaka kukufunga hatasema ni kwa ajili ya habari, atasema ni kwa ajili ya risiti.

Kuondoka

Sijaona chumba cha mtaa kilichokufa kwa kukosa habari. Nimeona vilivyokufa kwa sababu mwanzilishi hakutaka kuondoka, au aliondoka na kila kitu kichwani mwake. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Miaka mitano ya kuitwa kwenye warsha za hoteli humfanya mtu aamini kuwa yeye ndiye mtaa. Katiba ya chumba iweke muhula, na kuanzia mwaka wa pili pawe na naibu anayejua mfadhili ni nani, mwenye nyumba ni nani, na nywila ziko wapi.

Jambo la mwisho ni kumbukumbu, ambayo hakuna anayeitengea shilingi. Makongeni, mtaa wa zamani wa wafanyakazi wa reli, nyumba zimebomolewa kupisha mradi wa nyumba za bei nafuu, na mitaa mingine ya kale imo kwenye orodha ya kujengwa upya. Aliyeandika nani alikuwa akiishi nyumba gani, aliahidiwa nini, na na nani, ndiye atakayeulizwa siku ya kugawa funguo. Kinasa sauti na diski moja ya kuhifadhia vinatosha kuanza. Kwa wenzangu wa Mombasa, Buxton tayari imekwisha vunjwa na kujengwa upya, na kama kuna mwenye sauti za wakazi wa zamani, azitafutie nakala ya pili wiki hii.